Poda na keki

Siku matokeo ya Exetat yanatoka, Bukavu inageuka nyeupe. Ujumbe unaingia ku simu, mama anapiga vigelegele, na kabla hujamaliza kusoma asilimia, jirani ameshakumwagia poda ku kichwa. Kama sherehe, mimi naipa alama za juu. Poda haiulizi ulipata ngapi: mwenye 50 na mwenye 75 wote wanatoka weupe vilevile. Mualiko hakuna. Mwenye kupita njia naye anaimba.

Sasa tujiangalie sisi wa chuo. Mtu anatetea kazi yake ya mwisho, dakika chache tu mbele ya juri, na kule inje kuko keki yenye jina lake, maua ya plastiki, marafiki ndani ya kitenge kimoja, mpiga picha wa kulipwa. Sisemi ni mbaya. Ile kazi inachosha, tena kuichapisha peke yake inakula franka. Lakini kotizasio ya kitenge imekuwa mtihani wa pili. Nilimuona mwenzetu mmoja, distinksio yake mkononi, anapita mlango wa nyuma sababu hakuna aliyemletea hata sukre moja. Jioni picha zilijaa ku WhatsApp, yake haikuwemo.

Keki inataka ukae pembeni, upige picha, ungoje kipande. Ku poda hakuna pembeni: hata mama muuza makala wa pale kona anarudi kwake mweupe.