Ngoma Isiyo na Kisu

Desemba ikikaribia, masikio yangu hutangulia. Mimi ni mzaliwa wa Tarime, na ngoma ya tohara naijua kabla haijafika. Kwanza ni firimbi kutoka bondeni, kisha litungu, lile la nyuzi nane, ambalo sauti yake nzito hupita tumboni kabla ya kufika sikioni. Halafu barabara yote inajaa: vijana wamejipaka unga usoni, akina mama wamevaa makoti ya wanaume, magari yamesimama na hakuna anayelalamika.

Niseme wazi jambo ambalo wengi wanaoandika kuhusu Wakurya hulikwepa: sherehe ile ni tamu.

Filamu ya Giselle Portenier, In the Name of Your Daughter (2018), inawafuata wasichana wa Serengeti wanaokimbia ukeketaji na kupokelewa na Rhobi Samwelly katika nyumba salama ya Mugumu. Ni kazi ya kijasiri, na upande iliousimamia ndio wangu. Lakini nilipomaliza kuitazama nilibaki na deni. Filamu imenionyesha vizuri kwa nini msichana anakimbia. Swali linalonisumbua mimi ni kwa nini mwenzake anabaki, tena akitabasamu.

Anabaki kwa ajili ya ngoma. Dada yangu alikuwa na miaka 13. Wiki nzima nyumba ilimzunguka yeye, mtoto ambaye siku nyingine zote alitumwa maji tu. Bibi alimuuliza, "Hutatuaibisha?" Akajibu, "Bibi, sitalia." Alirudi amefunikwa khanga, mwavuli juu ya kichwa, noti zimebanwa kwa pini kifuani. Mimi nilikuwa na miaka 9. Nilicheza mbele yake mpaka sauti ikanikauka.

Miaka mingi baadaye, baada ya uzazi uliokaribia kumuua, aliniambia, "Mdogo wangu, siku ile nililia. Ila mlikuwa mnaimba."

Tangu hapo siwezi kuisikiliza ngoma ile kama burudani tu. Inapandisha furaha na inafunika kilio, vyote kwa pigo moja. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini sheria haina wimbo. Msichana anayeitii anabaki nyumbani kimya huku wenzake wakishangiliwa barabarani.

Ndiyo maana naona kituo cha Masanga, huku Tarime, kimeelewa jambo. Wasichana wanaokimbilia huko Desemba humaliza kambi kwa mahafali, wakiimba na kucheza. Wapo wanaosema huo ni uigizaji, kwamba sherehe bila kisu ni ganda. Sikubaliani nao. Sherehe ya Gion, kule Kyoto, ilianza mwaka 869 kuomba tauni iondoke. Tauni ile ilikwisha zamani, na kila Julai watu bado wanayakokota magari makubwa yaliyopambwa, kwa ngoma na filimbi. Sababu ya kwanza iliondoka, sherehe ikabaki.

Binti wa dada yangu ana miaka 11 sasa. Akisikia litungu, miguu yake haitulii. Nataka acheze, avikwe khanga, abanwe noti kifuani. Na siku akilia, tuwe tumenyamaza kiasi cha kumsikia.