Ngozi ya Kisu

Kabla ya kunitajia bei, mzee, mhunzi wa Gulwe, aliniuliza: "Kisu cha kazi gani, mwanangu?" Nikamjibu ni cha jikoni, cha nyama na mboga. Akasogeza pembeni kopo la oili chafu ya gari, akavuta kidumu cha mafuta ya alizeti. Nilikaa kwenye gogo kando ya mvukuto wake mchana kutwa, na jua lilipokuwa linazama ndipo nilipoelewa kwa nini swali lile lilitangulia bei.

Gulwe, wilayani Mpwapwa, ni stesheni ya reli ya kati, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma 1914. Sehemu kubwa ya mwaka huku ni vumbi, mibuyu na upepo mkavu. Lakini mvua ikija huja kwa nguvu: mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalibomoa njia kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama kwa miezi. Kwa kisu, msimu huo una adui mdogo zaidi. Chuma kilicholala kikavu tangu Mei kinasahauliwa usiku mmoja juu ya jiwe lenye unyevu, kina damu ya mbuzi bapani, na asubuhi kutu imeshaanza kula.

Kisu changu kilizaliwa kutoka jani la springi ya lori. Chuma hicho kina kaboni ya kutosha kushika makali, ila hakina kinga ya kutu kama visu vinavyong'aa vya dukani. Mzee alikifua kikanyooka, akakirudisha kwenye makaa, kisha akawa anakigusisha sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Mwanzoni sumaku ilinata. Chuma kilipoiva kwa wekundu fulani, sumaku ikaachia. Badiliko hilo hutokea karibu na nyuzi 770 za Selsiasi, na yeye hulijua bila kipimajoto. Akangoja kidogo, wekundu ukazidi kung'aa, akakichovya wima katika bomba lililozibwa chini na kujazwa mafuta. Kilipopoa alipitisha tupa kwenye makali. Tupa iliteleza kana kwamba inapita juu ya kioo. Hapo alitabasamu kwa mara ya kwanza.

Lakini kisu kigumu kiasi hicho huvunjika kikianguka sakafuni. Lazima kirudishwe moto kidogo ili kilegee. Alikisugua kwa msasa hadi kikawa cheupe, kwa maana rangi hazionekani juu ya masizi. Akapasha bamba nene la chuma, akalaza mgongo wa kisu juu yake, makali yakiwa juu, mbali na joto. Kisha tukatazama.

Rangi zilianzia mgongoni. Njano hafifu kwanza, ikakolea kuwa asali, nyuma yake ikaja kahawia, halafu zambarau, halafu buluu, zote zikipanda polepole kuelekea makali. Asali ilipofika kwenye makali, mzee hakusubiri hata pumzi moja: kisu kikaingia kwenye mafuta. Rangi zile ni hewa iliyoungana na uso wa chuma, utando mwembamba karibu mara elfu moja kuliko unywele. Mgongo ulioona buluu umelainika, unavumilia pigo. Makali yaliyoishia kwenye asali yamebaki magumu.

Sasa ndipo ngozi ya kisu, utando wa kukikinga na kutu, inapotengenezwa. Alikipaka mafuta ya alizeti kwa kitambaa, akayafuta mpaka ukadhani hakubaki kitu, akakiweka juu ya makaa yaliyofunikwa majivu. Moshi ukatoka kidogo, bapa likawa hudhurungi. Akarudia. Kila mara alikuwa akiinua kisu kukiangalia, akaniambia: "Moto huu wa pili usiushinde wa kwanza. Ukiushinda, umekiua." Baada ya mara tano bapa lilikuwa jeusi, laini kama kikaangio cha chuma kilichopika chapati miaka kumi.

Si mafuta yoyote yanayofanya hivyo. Ya alizeti, zao linalojulikana sana Dodoma na Singida, yakipata joto na hewa chembe zake hushikana zenyewe kwa zenyewe, zikageuka utando mkavu usiooshwa na maji. Oili chafu nayo hutia weusi, lakini ina sumu na uchafu wa injini, na mzee huiacha kwa mapanga na majembe. Swali lake la asubuhi lilikuwa linachagua ngozi.

Viwandani wana ngozi nyingine. Umeiona kwenye biti za drili zenye rangi ya dhahabu: mvuke wa metali ya titani unakutana na naitrojeni ndani ya chemba iliyoondolewa hewa, na utando wenye unene wa sehemu chache za elfu za milimita unaganda juu ya chuma, mgumu mara mbili na zaidi kuliko kisu kilichochovywa. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini kwa kawaida hufanyika kwa joto la nyuzi mia kadhaa, na chuma cha springi kilichoishia kwenye asali kingelegea humo. Ngozi ingekuwa ngumu juu ya mwili uliochoka. Mhunzi wa Gulwe na fundi wa chemba ile wanafungwa na sheria moja: ngozi iufuate mwili.

Tena, ngozi zote mbili zina mpaka mmoja. Ukinoa kisu, unauondoa utando kwenye makali. Nilipomuuliza mzee kuhusu hilo, alinyoosha mkono ukutani akashusha kisu kilicholetwa kutiwa mpini mpya. Kilikuwa kimetumika hadi kimekonda. Bapa lake lilikuwa jeusi bila doa la kutu, na pembeni ulipita mstari mweupe, mwembamba, uliong'aa.

"Huku kweusi nimepaka mimi," alisema, akapitisha kidole gumba kando ya mstari ule. "Huku kweupe hufutwa na mwenye kisu, kila jioni."

Nilikilipia changu, naye akanifungia kwenye kitambaa kilekile cha alizeti.