Boliti ya 12.9 haitakuokoa: tuuhoji ushauri maarufu wa stelingi

Kaa na watu wanaopenda magari ya porini, uliza stelingi yako uiimarishe vipi. Jibu utakalopewa karibu kila mahali ni hili: ondoa tairodi endi za kiwandani, funga rodi endi za magari ya mashindano, weka boliti za 12.9 kwa sababu ndizo ngumu kuliko zote, kisha usahau. Linavutia kwa sababu ni fupi, na sisi tuliosoma uhandisi tumelirudia bila kulipima. Hebu tulipime leo.

Tuanze kwa haki: ushauri huu haukutoka hewani. Namba zilizo kwenye kichwa cha boliti zina maana. Boliti ya 8.8 hukatika ikivutwa kwa takriban megapaskali 800, na huanza kurefuka moja kwa moja kwenye asilimia 80 ya hapo, yaani 640. Ya 10.9 ni 1000 na 900. Ya 12.9 ni 1200 na 1080. Kwa hiyo ni kweli, 12.9 ina nguvu zaidi. Tatizo ni kudhani kwamba nguvu ya boliti ndiyo nguvu ya kiungo. Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi.

Boliti ya stelingi haifanyi kazi kama msumari unaozuia vyuma viwili visipishane. Inafanya kazi kama springi: unapoikaza inavutika kidogo, nayo inavibana vyuma mpaka msuguano kati yao ndio unaobeba mzigo. Chukua boliti ya 8.8 ya milimita 12. Ukiikaza kwa nyutonimita 90 hivi, inabana kwa takriban kilonyutoni 38, karibu uzito wa tani nne. Sasa toa hiyo, weka ya 12.9 yenye ukubwa uleule, kaza kwa nyutonimita 90 zilezile. Inabana kiasi gani? Kama msuguano kwenye meno ni uleule, ni kilonyutoni 38 zilezile! Umelipia akiba ya nguvu ambayo hukuitumia, na kiungo kinashika vilevile kama jana. Na kama fundi alikaza kwa kukisia mkono, huenda kinashika kidogo zaidi au kidogo pungufu, hakuna ajuaye.

Kiungo kisipobanwa vya kutosha, vyuma huanza kuteleza huku na huku kila gurudumu linapogonga jiwe. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwamba mtelezo huo wa kando ndio unaofungua nati kwa kasi. Barabara ya vumbi yenye mawimbi-mawimbi ni mashine ya kufanya kitu hichohicho, siku nzima. Nati ikilegea, boliti inapindwa mara elfu na elfu, na chuma kinachoka. Uchovu wa chuma hausomi namba za kichwani.

Kosa la pili liko kwenye tundu. Tairodi endi ya kiwandani ina pini yenye mchongoko inayoingia kwenye tundu la mchongoko na kujibana yenyewe, kisha inafungwa kwa nati yenye mapengo na kipini cha kupitisha. Ukitaka kufunga rodi endi, mara nyingi unalitoboa tundu hilo liwe la moja kwa moja. Likizidi upana hata kidogo, boliti inacheza. Tena ikishikwa upande mmoja tu, inaning'inia kama tawi na kupindwa kila unapokata kona. Boliti ya 8.8 iliyoshikwa pande zote mbili, na sehemu yake isiyo na meno ikijaza tundu vizuri, ni salama kuliko 12.9 inayoning'inia.

Tatu, ugumu una gharama yake. Chuma kigumu sana huogopa haidrojeni, ambayo huweza kuingia wakati boliti inapopakwa zinki kwa umeme au inapopata kutu. Inakuwa kama kioo: inakatika ghafla, hata siku kadhaa baada ya kukazwa, bila kupinda kwanza. Machi 2013 kwenye daraja jipya la San Francisco–Oakland Bay, fimbo 32 kati ya 96 za chuma kigumu chenye zinki zilikatika baada ya kukazwa, na haidrojeni ndiyo iliyotajwa. Zile zilikuwa na wahandisi pembeni. Yako ina nani?

Na usikimbilie boliti zinazong'aa za chuma kisichoshika kutu. Nyingi zimeandikwa A2-70, yaani megapaskali 700 tu. Ni dhaifu kuliko 8.8.

Tusisahau jointi yenyewe. Kwenye Land Cruiser za familia ya 70, zile zinazobeba watalii Serengeti, tairodi endi imevaa kofia ya mpira inayozuia vumbi na kutunza grisi. Rodi endi nyingi hazina. Kwenye wimbo wa mashindano hubadilishwa mara kwa mara; kwenye vumbi letu, mchanga unaila taratibu huku mwenye gari akijua amefunga kitu cha maana.

Ushauri mzuri basi ungekuwaje? Usingeanza na namba ya boliti. Ungeuliza: tundu linakaa sawa? Boliti imeshikwa pande mbili? Meno yako nje ya sehemu inayokatwa? Imekazwa kwa spana yenye kipimo, na itakaguliwa tena baada ya safari ya kwanza? Ukijibu ndiyo kote, 8.8 au 10.9 inayotoka kwa muuzaji unayemwamini inatosha kwa wengi wetu. Kama tairodi endi ya kiwandani ni nzima, pengine usiiguse kabisa.

Breki za gari lako zina njia mbili za mafuta, moja ikifa nyingine inabaki. Fimbo ya stelingi ni moja. Ikiachia mteremkoni, unabaki umeshika usukani usiofungwa popote, na abiria nyuma yako. Mtu anayekwambia "weka 12.9 usahau" amekosea zaidi kwenye hilo neno la mwisho.