Kuchuja, Kuengua na Kugeuza: Uhakiki wa Istilahi za Tangi la Samaki wa Baharini

Mwongozo tunaouhakiki hapa una kurasa kumi na mbili. Umetafsiriwa kutoka Kiingereza bila kutajwa jina la mfasiri, nao umetufikia kwa mkono wa mwalimu wa sayansi wa Mkunya, wilayani Newala. Unaeleza namna ya kufunga mitambo ya kusafisha maji katika tangi kubwa la kioo, lililokwisha kutumiwa na mtu mwingine, ili wafugwe ndani yake samaki wa baharini. Huenda msomaji akastaajabu kusikia kwamba samaki wa baharini wanapandishwa Uwanda wa Juu wa Makonde, mahali ambapo vizazi kwa vizazi watu wameteremka mabondeni kutafuta maji ya kunywa, na ambapo nyumba nyingi hadi leo huvuna mvua ya paa na kuiweka katika visima vya saruji. Staajabu hiyo ina haki yake. Hata hivyo shule za uwandani hufundisha habari za bahari kwa watoto wengi ambao hawajapata kuiona, na mwalimu aliyepata tangi kuukuu kwa bei nafuu hana kosa. Kosa limo katika Kiswahili alichopewa. Kikifuatwa neno kwa neno, samaki watakufa.

Chanzo cha balaa ni kitenzi kimoja, kuchuja, ambacho mfasiri amekitwika kazi nne zisizofanana.

Mswahili anajua kuchuja tangu jikoni. Tui huchujwa kwa kifumbu au kwa kung'uto. Kimiminika hupita, chicha hubaki. Unga hauchujwi, huchungwa; nafaka hupepetwa kwa ungo au huchekechwa kwa chekeche. Lugha imezitenga kazi hizi kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa mikono ya wanaozitenda inatenda mambo tofauti. Kwa hiyo msomaji akiliona neno chujio hutazamia mambo mawili bila hata kufikiri: kwamba kuna kitu chenye matundu kinachozuia taka, na kwamba taka hizo zikijaa hapana budi kitu hicho kioshwe mpaka kitakate. Palipo na kuchuja pana chicha, na chicha hutupwa.

Kazi ya kwanza inayotajwa na mwongozo inalingana na maana hiyo. Maji ya tangi yanapitishwa katika sponji au kitambaa kizito, mabaki ya chakula na kinyesi yanakwama, nacho kitambaa kinaoshwa kila baada ya siku chache. Hapa tunampongeza mfasiri. Chujio ni chujio.

Kazi ya pili ndiyo iliyomponza. Samaki hutoa amonia kwa njia ya matamvua, na amonia ni sumu kwao hata ikiwa kidogo sana. Hakuna kitambaa kinachoweza kuizuia, maana imeyeyuka majini kama sukari katika chai. Kinachowaokoa samaki ni bakteria wanaoishi juu ya mawe, changarawe na vipande vya plastiki vilivyowekwa kwa ajili yao. Kundi moja la bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wengi huweza kuivumilia mpaka sehemu ya maji ibadilishwe. Mwanasayansi Sergei Winogradsky aliyabainisha makundi haya mawili mnamo mwaka 1890 alipokuwa akichunguza udongo. Basi hapa hakuna kinachopita wala kinachobaki. Hakuna chicha. Kuna kugeuza tu.

Mfasiri ameiita sehemu hii "chujio la kibiolojia", kisha katika ukurasa wa nne ameandika kwamba "machujio yote yaoshwe kwa maji safi ya bomba". Msomaji mtiifu atafanya nini? Atatoa vile vipande vya plastiki vyenye utelezi wa rangi ya hudhurungi, atavisugua mbele ya bomba mpaka ving'ae, na klorini iliyomo katika maji ya bomba itawamaliza bakteria waliosalia. Siku mbili au tatu baadaye amonia itapanda. Ule utelezi alioudhani kuwa uchafu ndio uliokuwa mtambo wenyewe. Ilipasa aambiwe kwamba vipande hivyo visioshwe ila vinapoziba, tena visuuzwe kwa upole katika ndoo ya maji yaliyotekwa kutoka tangi lilelile.

Kosa hili limezidishwa na neno jingine. Mfasiri amewaita bakteria "vijidudu". Neno hilo lina historia katika nchi yetu. Tangu kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na katika masomo ya afya yaliyofuata, mwananchi amefundishwa kuhusisha vijidudu na maradhi, na kwamba maji yachemshwe ili wafe. Mafunzo hayo yalikuwa mema. Lakini mtu aliyelelewa nayo, akiambiwa kwamba chujio lake limejaa vijidudu, hatawalea. Atatafuta maji ya moto. Neno bakteria limekwisha kuzoeleka mashuleni, halina lawama, na lingefaa kuachwa kama lilivyo.

Kazi ya tatu imeitwa "chujio la protini". Ni mrija mrefu unaopuliziwa viputo vidogo vya hewa. Uchafu wa asili ya viumbe hujishika juu ya viputo, hupanda pamoja na povu, nalo povu humwagikia katika kikombe kilicho juu. Mtambo huu hufanya kazi vizuri katika maji ya bahari kwa kuwa chumvi husaidia viputo kubaki vidogo. Tunaona ajabu mfasiri alipomezea mate istilahi ya kigeni hali Kiswahili kina kitenzi chake, tena kilichokamilika: kuengua. Mpishi huengua povu juu ya mchuzi unaochemka. Kiengua povu ni jina ambalo mwalimu wa Mkunya hahitaji kuelezwa mara mbili, na linamwambia papo hapo mahali pa kutazama: juu, kwenye kikombe, si chini kwenye kitambaa.

Kazi ya nne ni ya mkaa, na hapa upungufu wa neno moja umeleta hatari nyingine. Mwongozo unasema "weka mkaa katika mfuko na uutumbukize". Katika uwanda ambapo mkaa huuzwa kwa magunia kando ya barabara, agizo hili litatekelezwa kwa mkaa wa kupikia, pamoja na vumbi na majivu yake. Unaotakiwa ni mkaa uliotengenezwa viwandani kwa joto kali na mvuke mpaka ukawa na vitundu vidogo visivyohesabika, ambavyo hunasa rangi, harufu na mabaki ya dawa. Tunapendekeza uitwe mkaa amilifu, na mtindo wake wa kazi uitwe kunasa. Kufyonza hakufai, kwa maana sponji hufyonza na ukiikamua hutoa. Mkaa huu hunasa juu ya uso wake, na ukishajaa hubadilishwa.

Sasa, ikiwa kazi ni kuchuja, kugeuza, kuengua na kunasa, jina la jumla la mtambo mzima liwe lipi? Sisi tunaunga mkono utakasaji. Tunajua pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba kutakasa kuna harufu ya ibada. Ni kweli, lakini maana ya ibada imejengwa juu ya maana ya kuondoa uchafu, na neno linabeba zote mbili bila kugombana. Kusafisha ni pana mno, kwani hata kioo husafishwa. Kutibu maji ni tafsiri ya sisisi, maana maji hayaugui. Pingamizi ya pili hutoka kwa watumishi wa ofisi wanaotaka kila neno la Kiingereza lilingane na neno moja tu la Kiswahili, ili hati iweze kurudishwa katika lugha ya kwanza bila taabu. Hao tunawaambia kwa heshima kwamba Kiingereza chenyewe hapa kimetumia neno kwa uzembe. Wazungumzaji wake wamezoea, hivyo hawadhuriki. Hatuna sababu ya kuagiza uzembe huo kwa gharama ya samaki wa mtu.

Yako mengine ambayo twayapita kwa haraka zaidi. Mwongozo unaagiza "zungusha tangi kwa wiki sita kabla ya kutia samaki". Tangi la sentimita 150 kwa 60 kwa 60 hubeba lita 540, na maji ya bahari ya ujazo huo yana uzito upatao kilo 553, kioo kikiwa bado, hakuna atakayelizungusha. Maana iliyokusudiwa ni kungoja bakteria wazaliane mpaka amonia na nitriti zitoweke katika vipimo. Maji hayo yanaiva. Kuivisha maji ni usemi mwepesi na wa kweli, nao unamfundisha mtu subira.

Hatari zaidi ni "samaki wa maji baridi". Kwa Kiswahili maji baridi ni maji yasiyo na chumvi, awe samaki wa Ruvuma au wa Ziwa Nyasa, hata kama jua limeyapasha moto. Mfasiri ametumia maneno hayohayo kwa samaki wa bahari zenye baridi, na katika sentensi ifuatayo akayarudia kwa maana ya kawaida. Pasemwe maji yasiyo chumvi upande mmoja na bahari za baridi upande wa pili, fujo itakwisha. Kuhusu chumvi yenyewe, gramu 35 kwa lita ni kipimo sahihi. Lakini chumvi ya mezani haitoshi, na mwongozo haukusema.

Kwa chombo chenyewe mfasiri ameyumba kati ya tangi, hodhi na akwariamu. Neno hilo la tatu lisimtishe mtu kwa Kilatini chake. Kwa Warumi lilihusu mahali pa kunyweshea ng'ombe. Philip Gosse ndiye aliyelieneza kwa maana ya chombo cha viumbe wa majini katika kitabu chake cha mwaka 1854. Hata wao waliazima birika la ng'ombe. Tangi la samaki latosha. Kwa lile tangi dogo la chini, ambamo maji hushuka kwa uzito wake kabla ya kurejezwa juu na pampu, tunathubutu kupendekeza ngama, jina la sehemu ya chini ya jahazi ambamo maji hukusanyika na kufuliwa na mabaharia. Wa bara watalijifunza kama walivyojifunza nanga na usukani.

"Tangi la mkono wa pili" ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Lililokwisha kutumika ni sahihi. Kuukuu ni sahihi pia iwapo limechakaa. Mtumba tuuachie nguo. Lakini chini ya kichwa hicho mfasiri ameruka onyo ambalo mwenye tangi kuukuu analihitaji kuliko yote: mmiliki wa kwanza akiwa alitibu samaki kwa dawa yenye shaba nyekundu, mabaki yake huweza kudumu katika mawe na gundi ya kioo, na kuua kamba, kaa na matumbawe ambao watatiwa baadaye.

Neno matumbawe latupeleka kwenye "mawe hai", ambayo mwongozo unashauri "yaokotwe pwani". Ni vipande vya matumbawe yaliyokufa vyenye bakteria ndani yake. Jina hilo lina utata, na ushauri wenyewe ni mbaya. Katika ghuba ya Mikindani matumbawe yalichimbwa kwa miaka mingi ili kuchomwa chokaa, na miamba ikadhurika. Tangu mwaka 2000 eneo la Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ni hifadhi ya bahari kwa sheria. Vigae vya udongo uliochomwa bila rangi, au vile vipande vya plastiki, huwapa bakteria makazi yaleyale. Neno liwe makazi ya bakteria, na mwalimu asiende kuvunja mwamba.

Mwisho ni tahajia. Nitriti na nitrati zinatofautiana kwa irabu moja, na katika nakala iliyotufikia jedwali la vipimo limezibadilisha mahali katika safu mbili za ukurasa wa tisa. Kabla ya mwongozo kunakiliwa upya, jedwali hilo lisomwe na mtu wa kemia, si na mtu wa lugha peke yake.