Neno "Mgongano" na Majina ya Faili

Katika tafsiri za maelezo ya programu za kutunzia filamu na muziki, neno mgongano limebebeshwa dhana mbili zisizofanana. Kwanza, faili mbili hugombea jina moja ndani ya folda moja. Hapo neno ni sahihi: moja haina budi kupewa jina jingine, ama sivyo iliyotangulia yaweza kufunikwa na kupotea. Pili, faili ni moja, lakini programu mbili zaitaka kwa majina tofauti. Kwa mfano, Sonarr yaweza kuandika upya majina ya faili. Plex huyasoma tu, nayo hutarajia namna kama s01e02, yaani msimu wa 1, sehemu ya 2. Hapa hakuna kinachogongana. Dawa ni kuiachia programu moja kazi ya kutoa majina, kwa kanuni inayosomeka na ya pili. Msomaji aliyeambiwa "mgongano" atatafuta nakala ya ziada isiyokuwapo, na huenda akafuta faili yake pekee. Kwa hiyo twapendekeza mgongano wa majina kwa dhana ya kwanza, na tofauti ya kanuni za majina kwa ya pili.