Kupima Pikipiki na Kupima Maneno

Kila chombo kipya huzaliwa mara mbili: mara ya kwanza kiwandani, na mara ya pili vinywani mwa watu. Kiwandani hupewa injini, magurudumu na rangi. Vinywani hupewa sifa na lawama. Makosa ya mafundi huonekana upesi barabarani. Makosa ya wasemaji huweza kukaa siku nyingi bila kuonekana, mpaka mtu aliyeyasadiki amekwisha toa fedha zake. Katika insha hii nataka tuyahakiki maneno yanayosemwa juu ya pikipiki moja, kama tunavyohakiki shairi au hadithi: tuulize ni nini kimesemwa, kimesemwa kwa ushahidi gani, na nini kimeachwa.

Pikipiki yenyewe ni Royal Enfield Himalayan. Jina la Royal Enfield ni kongwe. Pikipiki za kwanza za jina hilo ziliundwa Redditch, Uingereza, mwaka 1901. Mwaka 1955 kazi ya kuziunda ilianza Madras, mji uitwao leo Chennai, na kiwanda hicho cha Uhindi kiliendelea na kazi hata baada ya kile cha Uingereza kufungwa. Mwaka 2016 ilitolewa Himalayan ya kwanza, pikipiki ya safari za lami na za nyika, yenye injini ya sentimita za ujazo 411 na nguvu za farasi 24 hivi. Novemba 2023 ikatolewa nyingine mpya: injini yake ni ya sentimita za ujazo 452, hupozwa kwa maji, ina nguvu za farasi zipatazo 40, gia sita badala ya tano, na tangi la lita 17 badala ya 15. Uzito wake ni kilo 196. Mbele ya pikipiki kubwa za safari, ambazo injini zake hupita sentimita 1,000, hii huitwa pikipiki ya mwanzo. Neno hilo la mwanzo tulishike vizuri, maana tutalirudia.

Waendeshaji wa Nairobi, kuanzia katikati ya mji mpaka Kangemi, Dagoretti na Karen, hupenda kutoka asubuhi za Jumamosi na Jumapili. Wengine hushuka njia ya Magadi kupitia Kiserian. Wengine hufuata ukingo wa Bonde la Ufa na kuteremka Mai Mahiu, kwa barabara iliyochongwa na mateka wa Kitaliano wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kabla ya kuondoka husimama kujaza mafuta, na penye watu wawili wenye pikipiki mbili pana hoja tatu. Nikiyakusanya mabishano yao juu ya pikipiki hii, naona kwamba yanasimama juu ya nguzo nne. Tuzitikise moja moja.

Nguzo ya kwanza ni jina. Msemaji wa upande huu husema: pikipiki hii imepewa jina la milima ya Himalaya, na huko hupanda njia zenye mwinuko wa zaidi ya mita 5,000, je, vilima vya Ngong, visivyofika hata mita 2,500, vitaifanya nini? Maneno haya ni matamu masikioni, lakini hayana mizani. Mwinuko ni shida moja tu kati ya shida nyingi za safari. Njia ya Magadi hushuka badala ya kupanda, na taabu yake ni joto, vumbi na upweke. Njia za ndani za Dagoretti na Kikuyu wakati wa masika zina taabu nyingine, nayo ni udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni. Chombo kilichoshinda baridi ya Ladakh hakijathibitisha neno lolote juu ya tope la Dagoretti. Jina ni ahadi ya muuzaji. Ushahidi ni kazi iliyofanywa mahali pale ambapo mnunuzi atakwenda.

Nguzo ya pili ni hesabu ya nguvu. Hapa wasemaji huzitaja namba kwa fahari: farasi 40 zimeshinda farasi 24, basi mjadala umekwisha. Namba ni shahidi mzuri, lakini shahidi huyu hutoa ushahidi wa mahali alipopimwa. Injini hupumua hewa, na hewa ya Nairobi, mji ulio juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi, ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Kwa makadirio ya kawaida injini isiyo na pampu ya kusukuma hewa hupungukiwa na nguvu karibu sehemu moja ya sita katika mwinuko huo. Basi farasi 40 wa karatasini huwa kama 33 katika Barabara ya Ngong, na farasi 24 huwa kama 20. Hata hivyo tuwe waadilifu: upungufu huo huzipata pikipiki zote mbili, kwa hiyo mpya bado imeizidi ya zamani kwa mbali. Mtu mwenye mizigo anayepanda kutoka Mai Mahiu nyuma ya malori ataiona tofauti hiyo, naye ataishukuru. Lakini yule ambaye safari yake ya kila siku ni kutoka Kangemi kwenda mjini kwa Waiyaki Way atamtumia wapi farasi wa thelathini? Pikipiki haziruhusiwi kupanda ile barabara ya juu ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022. Mwendeshaji hubaki chini pamoja na matatu na mikokoteni, na mwendo wake hupangwa na msongamano. Nguvu isiyopata nafasi ya kutumika ni kama sauti kubwa ndani ya chumba kidogo.

Nguzo ya tatu ni sifa ya mambo ya kale. Wako waendeshaji wanaoipenda ile Himalayan ya kwanza na kuidharau hii mpya. Hoja yao ni kwamba ya kwanza ilikuwa nyepesi kueleweka, na fundi yeyote wa Kirinyaga Road angeweza kuifungua na kuifunga. Hii mpya imejaa nyaya, ina kioo cha duara kinachoonyesha ramani kutoka katika simu, na hata mkono wa mafuta hauvuti waya tena bali hutuma habari kwa umeme. Hoja hii ina nusu mbili, na nusu hizo hazina thamani moja. Nusu ya kwanza ni kumbukumbu iliyopambwa. Ni kweli kwamba Himalayan ya mwaka 2016 ilitoka na kabureta, lakini mwaka uliofuata ilianza kutiwa mtambo wa kupuliza mafuta kwa umeme. Tena kabureta iliyorekebishwa pwani hutoa mafuta mengi mno ikifika Nairobi, na injini hukohoa. Mtambo wa umeme huipima hewa na kujirekebisha wenyewe. Kwa nchi kama yetu, ambayo safari ya siku moja yaweza kuanza usawa wa bahari na kuishia nyanda za juu, hiyo ni faida ya wazi. Nusu ya pili ya hoja, hata hivyo, ina uzito. Kifaa cha kupimia kikifa karibu na Olorgesailie, hakifufuliwi kwa koleo na kipande cha waya. Anayenunua chombo cha namna hii sharti aulize kwanza: kipuri kikitakiwa, kitatoka wapi, kitachukua siku ngapi, na nani ataifunga kazi hiyo kwa ujuzi? Asiyepata jibu la maswali hayo amenunua nusu ya pikipiki.

Nguzo ya nne huletwa na watu wa kejeli. Wao husema: tazameni boda boda. Pikipiki ndogo za sentimita 100 hadi 150, kama vile Boxer ya Bajaj, hupita kila siku katika njia hizo hizo mnazoziogopa, zikiwa na magunia, magodoro na mitungi ya gesi. Kwa nini basi kulipa fedha nyingi kwa kitu ambacho maskini amekwisha kukifanya kwa kidogo? Kejeli hii ina ukweli ambao wapenda fahari hawataki kuusikia. Mwendeshaji wa boda boda ametupa somo kubwa, kwamba wepesi, mafuta kidogo na vipuri vilivyo tele ni sifa za kwanza za chombo cha kazi. Lakini hoja imevuka mpaka wake. Kuweza kupita si sawa na kupita kwa usalama na bila kuumia mgongo. Himalayan mpya ina nafasi ya milimita 200 ya kuchezesha magurudumu yake, gurudumu la mbele la inchi 21 linalovuka mashimo bila kuzama, na breki zisizoliacha gurudumu likwame. Kwa mtu anayesafiri kilomita mia kadhaa kwa siku, vitu hivyo si mapambo. Tangi lake pia lina maana: ikienda kilomita 28 kwa lita moja, lita 17 zitampeleka kilomita 476, na kwenda Magadi na kurudi, kama kilomita 220, kutamgharimu lita nane tu.

Tumezitikisa nguzo nne, na kila moja imebaki na sehemu iliyo imara na sehemu iliyooza. Sasa tutazame lililoachwa. Katika mabishano yote hayo neno moja hupita bila kuulizwa, nalo ni lile la mwanzo. Mwanzo wa nini? Mwenye duka akisema ni pikipiki ya mwanzo, maana yake ni kwamba bei yake ni ya chini katika jamii ya pikipiki za safari. Kijana anayesikia huelewa jambo jingine: kwamba ni pikipiki ya kuanzia kujifunza. Maana hizi mbili zimevaa kanzu moja, na hapo ndipo hatari ilipojificha. Kilo 196 hazijui bei. Zikilala topeni zataka mikono iliyozoea, na zikiteleza kwenye mteremko hazimngojei mwanafunzi apate kukumbuka mafunzo yake. Linganisheni na Hero Xpulse 200 iliyotolewa mwaka 2019, pikipiki ya jamii hiyo hiyo yenye nguvu za farasi 18 na uzito wa kilo 154. Tofauti ya kilo 42 si mbali sana na mfuko mzima wa saruji. Kwa aliyeanza juzi, mfuko huo ni bora ubaki dukani.

Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu najua ni nani anayesikiliza mabishano hayo akiwa amesimama pembeni. Walimu vijana wanaotoka katika vyuo vyetu hupelekwa shule zilizo mbali na lami, na pikipiki ya kwanza hununuliwa kwa mishahara ya kwanza, na mara nyingi kwa mkopo. Mtu wa namna hiyo hanunui mchezo wa Jumapili. Ananunua miguu ya kumfikisha kazini. Akidanganywa na jina atalipa deni kwa miaka. Akidanganywa na neno la mwanzo huenda akalipa kwa mfupa.

Limeachwa na jambo la pili. Nimesikia saa nzima ikitumiwa kubishana juu ya farasi, na dakika moja isitumiwe juu ya kofia ngumu. Sheria ya barabara ya Kenya yamtaka mwendeshaji na abiria wake wavae kofia hiyo na koti linalong'aa, na yakataza kubeba abiria zaidi ya mmoja. Uchunguzi uliokusanywa kutoka nchi nyingi na kutangazwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza vifo vya waendeshaji walioanguka kwa asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Hakuna injini iliyopata kutoa faida kama hiyo kwa bei kama hiyo. Mabishano yanayosahau kichwa cha mwendeshaji yamesahau sababu ya safari.

Hukumu yangu basi ni hii. Himalayan mpya ni chombo kizuri kwa mtu aliyekwisha jifunza juu ya pikipiki nyepesi, ambaye safari zake ni ndefu na njia zake ni mchanganyiko wa lami na vumbi, na ambaye amehakikisha mahali pa kupata fundi na vipuri. Imeizidi ile iliyoitangulia kwa nguvu na kwa urefu wa safari, ingawa imepoteza kidogo ule urahisi wa kurekebishwa njiani. Kwa kazi ya kila siku ya mjini ni kubwa kuliko haja. Kwa anayeanza ni nzito kuliko busara. Mwalimu kijana aliyepangiwa shule ya mbali na aanze na ile nyepesi, anunue kofia iliyo bora, na fedha zilizobaki aziweke kwa ajili ya matairi na mafuta. Miaka miwili ya tope itamfundisha kama anaihitaji kubwa au haihitaji.

Nanyi wanafunzi, mtakaposikia watu wakibishana juu ya chombo chochote, kiwe pikipiki, redio au kalamu, msiulize kwanza ni nani mwenye sauti kubwa. Ulizeni chombo kimepimwa wapi, kwa kazi ya nani, na kwa fedha za nani. Kisha litafuteni lile neno dogo ambalo kila mtu analitumia na hakuna anayelifafanua, mlifunue mwone lina maana ngapi.