Pindu Kwenye Mstari wa Pembeni

Mpira umetoka nje karibu na kibendera cha kona. Katika mechi nyingi huu ni wakati wa mtazamaji kuvuta pumzi. Kwa timu ya shule ya sekondari ya Lewiston, katika jimbo la Maine, Marekani, msimu wa mwaka 2015, huu ndio ulikuwa wakati wa kusimama. Maulid Abdow anarudi nyuma hatua kadhaa. Anakimbia, anaukandamiza mpira ardhini kwa mikono miwili, miguu inapaa juu ya kichwa, mwili unapinduka, nyayo zinatua kando ya mstari, na papo hapo mpira unachomoka kama jiwe la kombeo hadi mbele ya goli.

Anayeiona pindu hii mara ya kwanza huiita sarakasi. Mimi naiita ufundi, maana kila kipande chake kina kazi. Sheria inamtaka mrushaji atumie mikono miwili, autoe mpira nyuma ya kichwa na kuupitisha juu yake, na nyayo zote mbili ziwe zinagusa ardhi, juu ya mstari au nje yake. Haisemi lolote dhidi ya kupiga pindu. Basi fundi huchukua kasi ya mbio zake na mzunguko wa mwili mzima, akavimimina vyote mikononi kwa mara moja. Akiachia mapema, mpira hupaa ukamwangukia kipa mikononi. Akichelewa, unagonga nyasi mbele ya miguu yake. Akitua hatua moja ndani, urushaji ni wa wapinzani. Mlango wa kupatia ni mwembamba mno, na kuupita mechi baada ya mechi si bahati.

Anayepatia amejiundia kona kwa mikono, tena isiyo na kuotea kama kona yenyewe, kwa kuwa mpokeaji wa mpira wa kurusha haotei. Lakini sheria hiyo hiyo imeweka sharti moja ambalo kwangu ndilo uzuri wa jambo lote: bao halifungwi moja kwa moja kwa kurusha. Mpira ukiingia golini bila kuguswa na mtu, hakuna bao. Urushe vizuri namna gani, kazi yako haihesabiki mpaka mtu mwingine auguse mpira.

Somo hilo la kumhitaji mwenzako, vijana wengi wa timu ile walikuwa wamelianza mbali na Maine, kwa kuwa walitoka katika familia za Kisomali zilizopitia kambi za wakimbizi za Kenya, na nyingi zilipitia Dadaab, huku kwetu Kaunti ya Garissa. Ifo, Dagahaley na Hagadera zilifunguliwa mwaka 1991 na 1992 kwa ajili ya watu 90,000 hivi. Kufikia mwaka 2011 zilikaribia watu nusu milioni. Mahali penye watu wengi hivyo, mpira haukuhitaji uwanja wala duka. Majuala, matambara na kamba vilitosha.

Atakaye kujua mchanga unafunza nini, na akae kando ya kiwanja chochote cha Garissa jua la alasiri likipungua makali. Mchanga haumpendi anayeng'ang'ania mpira. Pasi ndefu ya chini hufia njiani. Anayetaka kupiga chenga watu watatu huzama kifundoni na kuishiwa pumzi kwa wa pili. Ndiyo maana mtoto wa hapa huinua macho kabla mpira haujamfikia, akautoa kwa mguso mmoja au miwili, kisha akasogea penye nafasi ili arudishiwe. Hakuna kocha aliyemwambia. Ni ardhi iliyomfunza, jioni baada ya jioni, mpaka adhana ya magharibi iwatawanye.

Lewiston, mji wa viwanda vya nguo vilivyokwisha kufungwa, ulianza kupokea Wasomali mwaka 2001. Mwaka uliofuata meya wake aliandika barua ya wazi akiwaomba wapunguze kuja. Kocha wa timu ile, Mike McGraw, alikuwa na deni lake mwenyewe: zaidi ya miaka 30 ya kufundisha pale bila ubingwa wa jimbo. Ufundi wake nauheshimu kama ninavyouheshimu ule wa Maulid, kwa kuwa ulidai unyenyekevu. Mtu mzima aliyezoea njia yake aliwatazama vijana hawa, akaona kuna kitu wanacho tayari, na timu ikajengwa juu yake: pasi fupi, mwendo wa haraka, mtu na mwenzake.

Wito wao kabla ya mechi haukuwa wa Kiingereza. Ulikuwa maneno mawili ya Kiswahili yaliyovuka bahari pamoja nao: "Pamoja ndugu."

Mwaka 2014 walifika fainali ya jimbo, wakashindwa na Cheverus. Mwaka 2015 walirudi. Mechi 17, zote ushindi. Mabao 113 ya kufunga, 7 ya kufungwa. Ni zaidi ya mabao sita kwa mechi, na nyuma yake mimi naiona ile tabia ya mchangani ya kuutoa mpira mapema.

Fainali ya Novemba, jijini Portland, haikuwa ya mabao sita. Scarborough walifunga milango, na timu iliyozoea kutiririka ikawa inatafuta ufa. Ufa ulipatikana pembeni. Maulid alipiga pindu, mpira ukaruka hadi mbele ya goli, na katikati ya mabeki akawapo Abdi Shariff-Hassan, akaumalizia. Ikawa 1-0, na ikabaki hivyo hadi mwisho. Mwandishi Amy Bass aliusimulia msimu huo katika kitabu alichokiita One Goal, kilichotoka mwaka 2018.

Picha ya pindu humwonyesha mrushaji hewani, kichwa chini, na ni haki yake. Mimi jicho langu humtafuta yule wa pili, ambaye wakati mwenzake bado anapinduka alishajua mpira utaangukia wapi, akaanza kwenda.